Mshika Kengele

Siku ya kwanza, Tunguu, mwalimu aliita majina,
akafika kwangu akakwama.
"Taimu," akasema. "Taimu Faki Hamad."
Darasa zima likacheka.

Mimi ni Time. Jina la bibi yangu wa Kiuyu.
Ti ya tikiti, me ya meza, basi.
Lakini mate yalinikauka, nikanyoosha mkono tu
kama aombaye ruhusa ya kwenda msalani.
Ndivyo nilivyoanza chuo:
kwa kuitikia kosa la mtu mwingine.

Wiki sita nilikaa nyuma, chini ya feni mbovu.
Mchana nilikula peke yangu, maharage na mkate,
simu sikioni, najifanya nazungumza na mama
na simu yenyewe imezima.
Nikisema neno, watu waliniomba nilirudie,
si kwamba hawakulisikia.
Walitaka kuisikia Pemba ikipita tena mdomoni mwangu.
Nikaacha kusema.

Shemsa, wa kitanda cha juu, mtoto wa Makunduchi,
alinidanganya kwa juisi ya ukwaju.
"Twende mdahalo," akasema, "wanagawa bure."
Hapakuwa na juisi.
Palikuwa na viti vya plastiki, hoja ubaoni,
na kengele ya baiskeli iliyopigiliwa kibaoni
isiyo na wa kuishika.
"Huyu hapa," Shemsa akapaza sauti. "Jina lake Taimu!"
Wakacheka tena, wakanipa kengele.

Dakika tatu kwa kila msemaji.
Mbili na nusu, kengele moja. Tatu, kengele mbili.
Kazi ya mtu asiyetaka kusema.
Nikasikiliza: karafuu iuzwe na nani,
mikopo inayochelewa, maji ya dahalia.
Nikajua anayeanza na "kwa hakika" hana hakika,
na anayevuta pumzi ndefu anatafuta uongo wa karibu.
Nikajua pia, kidogo kidogo, nikiwa kimya,
kwamba mimi ningejibu vizuri zaidi.

Februari, kabla ya mitihani, alisimama Nassor Mbarouk,
mwaka wa tatu, koti la suti, anautaka urais wa wanafunzi.
Dakika tatu zikapita. Nikagonga mbili.
Akatabasamu: "Huyu wa mwaka wa kwanza ataningoja."
Ukumbi ukacheka naye.
Nikagonga. Akaendelea.
Nikagonga kama mtoto anayeteremka mlima wa Konde
baiskeli haina breki na kuku wamejaa njiani,
nikagonga mpaka kidole gumba kikauma,
mpaka akakaa.
Halafu nikasikia sauti, nikadhani ni ya mwengine:
"Muda wako umekwisha, kaka.
Na mimi si Taimu. Time."

Mtu mmoja alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Usiku nilijifungia bafuni nikalia,
sijui kwa aibu, sijui kwa nini.
Shemsa akagonga mlango kwa ndoo:
"Maji yametoka! Utalia kesho."
Nikatoka, tukakinga madumu manane,
na la tisa la jirani asiyekuwepo.

Nisiseme nimekuwa shujaa.
Takwimu nimepata C, na hiyo kwa huruma.
Nassor alishinda urais, tena kwa kura nyingi;
tukikutana njiani huitazama saa yake, nami hucheka.
Mwalimu bado ananiita Taimu.
Kila Jumatatu namrekebisha,
kila Jumatatu anasema "ahsante, Taimu,"
na sasa darasa linamcheka yeye.

Mama, niliporudi likizo, aliuliza
chuo kimenifunza nini.
Nilikuwa namenya muhogo. Nikafikiri sana.
"Kugonga," nikasema.
Akaniangalia, akaongeza chumvi chunguni.

Feni ya nyuma haijatengenezwa.
Chini yake amekaa kijana mpya, wa Tumbatu nadhani,
simu sikioni, midomo haimfuati.
Barua ya tatu ya feni nimeiandika mimi.
Kesho nampelekea atie saini.
Nitamwambia kuna juisi.